Kimya cha Wananchi si Ridhaa

Tarehe 29 Novemba, 1884, huko Msowero katika nchi ya Usagara, Mjerumani aitwaye Karl Peters alimwekea Mangungo, mkuu wa mahali hapo, karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani, naye Mangungo akatia alama yake. Karatasi hiyo ilieleza kwamba Mangungo ametoa ardhi yake yote, kwa milele, na kuikabidhi jumuiya ya Wajerumani iliyokuwa ikitafuta makoloni. Ilieleza pia kwamba maneno yake yamefahamishwa kwa njia iliyo wazi na mkalimani aitwaye Ramazani. Na mwisho kabisa ilieleza kwamba Mangungo ameulizwa moja kwa moja, akajibu kwamba yeye hayumo chini ya Sultani wa Zanzibar, wala hajui hata kama Sultani huyo yupo.

Msowero leo imo katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Pengine msomaji wa visiwani atauliza kwa nini safu hii imemvusha bahari na kumpeleka Kilosa. Jibu limo katika karatasi ile ile, kwa kuwa jina la Zanzibar limeandikwa ndani yake. Kwa nguvu ya karatasi za namna hiyo, zilizokusanywa kwa majuma machache katika Usagara na nchi za jirani, Serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi mwezi Februari, 1885. Sayyid Barghash alipopata habari alipeleka malalamiko yake Ujerumani kwa simu ya maandishi. Jibu lake lilifika mwezi Agosti mwaka huo, nalo lilikuwa manowari za Kijerumani katika bandari ya Unguja. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wao kwa wao na kuamua kwamba Sultani abakie na visiwa pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Kwa hiyo alama aliyoitia mzee mmoja wa Msowero ilitugusa na sisi, ijapokuwa hatukuwapo na hatukuulizwa.

Katika siasa za nchi yetu limekuwa jambo la kawaida kumtaja Mangungo kwa dhihaka. Mkataba wowote mbaya huitwa mkataba wa Mangungo, na aliyeutia saini hufananishwa naye. Sisi tunaona kwamba dhihaka hiyo haina haki ndani yake. Mtu aliyepewa karatasi ya lugha asiyoijua, akaelezwa yaliyomo na mkalimani aliyeletwa na upande wa pili, hawezi kubebeshwa lawama peke yake. Maneno aliyoyatamka Ramazani siku ile hayakuhifadhiwa katika karatasi. Kilichohifadhiwa ni dai la Peters tu kwamba maneno hayo yalikuwa wazi. Aliyesema ndiye aliyeshuhudia kwamba ameeleweka, na aliyesemeshwa hakupewa nafasi ya kurudia, kwa maneno yake mwenyewe, yale aliyoyafahamu. Hapo ndipo lilipo kosa, na kosa hilo halikuondoka pamoja na wakoloni.

Tuangalie basi jinsi mawasiliano baina ya watu yanavyofanya kazi. Yupo msemaji, upo ujumbe, ipo njia ya kuupeleka, na yupo msikilizaji. Wengi wetu, na hasa sisi tulio katika Chama na Serikali, huishia hapo. Tangazo likishabandikwa, au gari lenye kipaza sauti likishapita, au mkutano ukishafungwa, tunaandika katika taarifa zetu kwamba wananchi wamefahamishwa. Lakini ipo nguzo ya tano, ambayo bila yake nyumba yote huanguka. Nguzo hiyo ni jibu. Ujumbe hauwezi kuhesabiwa kuwa umefika mpaka msikilizaji ameurudisha kwa aliyeusema, ama kwa kuukubali, ama kwa kuukataa, ama kwa kuuliza.

Jambo hili si geni kwetu. Kila aliyepita chuoni analijua tangu utotoni. Mwalimu alimsomea mwanafunzi somo lake, kisha mwanafunzi alikwenda pembeni akalidurusu, na kesho yake alirudi mbele ya mwalimu akalitoa. Mwalimu hakusema kwamba amefundisha kwa sababu tu yeye amesoma kwa sauti. Alingoja kulisikia somo likirudi kwa ulimi wa mtoto, na pale lilipokosewa alilisahihisha, kisha ndipo mtoto aliposonga mbele. Aidha, tulifundishwa kwamba Mitume walipelekwa kwa kaumu zao kwa lugha za kaumu zao. Kama ujumbe mtukufu kuliko wote uliwajali wasikilizaji kiasi hicho, ofisi ya wilaya haina udhuru wa kutowajali.

Huenda msomaji akasema kwamba tatizo la Mangungo lilikuwa lugha tu, na kwamba leo, tukiwa na Kiswahili, tatizo hilo limekwisha. Wilaya ile ile ya Kilosa inatuonyesha kwamba sivyo. Kilosa ni nchi ya Wakaguru, Wasagara na Wavidunda. Na humo wamo pia wafugaji wa Kimaasai wa Kiparakuyo na Wabarabaig, pamoja na watu wa makabila mengi waliofuata reli na mashamba ya mkonge. Watu hao wote huelewana kwa Kiswahili. Wakulima na wafugaji wamekuwa majirani kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi wamegombea mabonde yenye maji, ambayo mkulima huyataka kwa jembe na mfugaji huyataka kwa malisho ya kiangazi.

Tarehe 8 Desemba, 2000, ugomvi huo ulifikia kilele chake. Kijiji cha Rudewa Mbuyuni kilishambuliwa na wafugaji, na watu 38 waliuawa. Hapana udhuru wowote wa kuua, na aliyeua asitafutiwe kisingizio katika safu hii wala penginepo. Lakini wajibu wetu ni kuuliza mambo yalifikaje hapo. Msiba ule haukuanguka kutoka mbinguni. Ulitanguliwa na malalamiko ya pande zote mbili: ng'ombe kuingia mashambani, ng'ombe kukamatwa, faini kutozwa, na fedha kupita mikononi mwa watu bila ya maelezo. Uchunguzi wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba rushwa ilikuwa imekwisha kuondoa imani ya wananchi wa vijijini kwa wakuu wao, na vile vile ilipunguza hamu ya wakuu hao kuuzuia ugomvi.

Hapo Kiswahili kilikuwapo, ofisi zilikuwapo, mihuri ilikuwapo. Kilichokosekana ni jibu la kuaminika. Mkulima anapoona kwamba malalamiko yake hayarudi na neno lolote, huacha kwenda ofisini. Mfugaji anapoona kwamba neno lake halina uzito mpaka litanguliwe na fedha, naye huacha kwenda. Ofisi ikishakuwa haiendewi na mtu, mwenye ofisi hudhani kwamba wilaya imetulia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Kilosa ulisikika nchi nzima. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ilifanywa operesheni ya kuwaondoa wafugaji katika wilaya hiyo, lakini habari za migogoro ziliendelea kusikika katika miaka iliyofuata. Nguvu inaweza kumhamisha mtu na mifugo yake, lakini neno alilokuwa nalo moyoni atahama nalo.

Upande wa kusini wa wilaya hiyo upo mji wa Mikumi, na jirani yake ipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hupita ndani ya hifadhi hiyo kwa mwendo wa kilomita zipatazo 50, na wanyama huikatiza usiku na mchana. Kandokando ya barabara vimewekwa vibao vinavyomwonya dereva apunguze mwendo, na vingine vinavyotaja faini atakayotozwa kwa kila aina ya mnyama atakayemgonga. Ujumbe wake hauna kificho. Hata asiyejua kusoma ataiona picha ya mnyama. Hata hivyo wanyama wamegongwa, na wenye hifadhi wakalazimika kuongeza matuta barabarani.

Hatuna ugomvi na matuta. Lakini tuyatazame kwa makini, maana yana fundisho. Dereva wa lori aendaye masafa marefu ana tajiri anayemngojea, ana mzigo wenye siku yake, na kila saa anayochelewa ina hesabu. Kibao kinamwambia habari za twiga. Tajiri anamwambia habari za saa. Kati ya sauti hizo mbili, moja ina uwezo wa kumfukuza kazi. Anayetaka dereva huyo asikie habari za twiga hana budi kuzungumza na tajiri wake pia, na kumwuliza dereva mwenyewe ni kitu gani kinachomkimbiza. Asipofanya hivyo itambidi aongeze tuta juu ya tuta. Na ndivyo ilivyo katika utawala wa watu. Ofisi iliyoshindwa kusikilizana na wananchi hutumia amri, na amri ikipuuzwa hutumia askari, kisha husema kwamba wananchi ni wakaidi.

Tusije tukafahamika kwamba tunadai jambo lisilowezekana. Nchi hii imewahi kulifanya, na kwa wingi mkubwa wa watu. Mwaka 1973, kule Bara, iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo wananchi wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Wanakikundi walijadiliana juu ya malaria, kichocho na maradhi mengine katika hali halisi ya kijiji chao, kisha wakakata shauri ni lipi watakalolifanya: nani achimbe choo, dimbwi gani lifukiwe, nyasi zipi zifyekwe. Vyoo vingi vilijengwa mwaka ule bila ya mtu kusukumwa na mgambo. Redio ilitoka mjini kama matangazo mengine yote. Tofauti yake ni kwamba ilipangwa tangu mwanzo kuwa baada ya redio kunyamaza, mwananchi atasema.

Na sisi visiwani tunao mfano wetu. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kinajulikana kwa wavuvi na kwa wazee wanaosimulia kwamba Hadhara alikifanya msala wake. Mwaka 1998 kisiwa hicho na maji yake yalitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Tangazo lilikuwa zuri, lakini bahari haina ukuta, na mvuvi mwenye njaa nyumbani hazuiwi na karatasi iliyobandikwa Chake Chake. Waliosimamia hifadhi walilitambua hilo, na wakashirikiana na masheikh na walimu wa vyuo. Hao walizungumza na wavuvi juu ya amana aliyopewa mwanadamu katika viumbe vya Mwenyezi Mungu, na juu ya ubaya wa kufanya israfu na uharibifu. Maneno yakatoka kwa watu ambao mvuvi huswali nyuma yao na kuwapelekea watoto wake, na mvuvi akaweza kuuliza na kubishana nao barazani bila ya hofu ya kuandikwa jina. Nasaha hiyo ikapata masikio ambayo tangazo la ofisi halikuyapata.

Tunajua majibu yatakayotolewa na baadhi ya maofisa. Watasema kwamba mikutano huitishwa, na kwamba sheria yenyewe kule Bara inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu. Watasema kwamba karatasi za mahudhurio zipo, zenye majina na saini. Hatukanushi. Lakini tunawakumbusha kwamba hata karatasi ya Msowero ilikuwa na alama ya Mangungo, ilikuwa na mashahidi, na ilikuwa na mkalimani. Kama saini peke yake ni ushahidi wa kuelewana, basi Karl Peters hakutudhulumu. Karatasi ya mahudhurio huthibitisha kwamba watu walikaa. Haithibitishi walichokisikia wala walichokikubali.

Watasema pia kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara, baada ya sheria kuandikwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi. Hiyo ni hatua kubwa na tunaipongeza kwa moyo mkunjufu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo inamgusa mkulima na mfugaji wa Kilosa kuliko mtu mwingine yeyote, ilipitishwa kwa lugha ambayo wengi wao hawaisomi. Lakini tujihadhari. Kipo Kiswahili cha ofisini ambacho kwa mwanakijiji ni Kijerumani kingine. Mtu anayeambiwa kwamba wadau watashirikishwa katika mchakato wa tathmini kabla ya utekelezaji, huku shamba lake likiwekwa vigingi, hajaambiwa kitu. Aambiwe kwamba barabara itapita hapa, mikarafuu yako hii itakatwa, utalipwa kiasi fulani, mwezi fulani, na ukiona umepunjwa nenda kwa fulani. Maneno hayo ni mepesi kwa msikilizaji, na pengine ndiyo sababu huwa mazito kwa msemaji.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wenzetu, wa Bara na wa visiwani, kuanzia wizarani hadi kwa sheha na mwenyekiti wa kijiji. Kwanza, pasiwepo jambo la ardhi, la bahari au la makaazi litakalohesabiwa kuwa limekubaliwa mpaka wananchi wachache, na wanawake wawemo, wasimame mkutanoni na kulieleza upya kwa maneno yao wenyewe. Pakionekana kosa lisahihishwe hapo hapo, kama mwalimu wa chuo alivyofanya. Pili, katika kumbukumbu za mikutano yaandikwe maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa, si majina ya waliohudhuria tu. Mkutano uliokwisha bila ya swali hata moja usihesabiwe kuwa umefana. Huo ndio unaostahili kutiliwa shaka. Tatu, kila lalamiko lililopokelewa lijibiwe kwa muda maalumu, na jibu lisomwe hadharani katika mkutano unaofuata, hata kama jibu lenyewe ni kwamba ombi limekataliwa na kwa sababu gani. Mwananchi anaweza kuvumilia jibu chungu. Asichoweza kuvumilia ni mlango usiofunguka. Nne, mkalimani asiwe wa upande mmoja. Pale ambapo wazee, masheikh, mapadre, walimu wa skuli au laigwanani wa Kimaasai wanaaminiwa kuliko ofisi, ofisi iwatake msaada bila ya kuona haya.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi juu ya majivuno na ubwana, na ukawapa wananchi haki ya kuyakataa. Majivuno si lazima yawe kelele na matusi. Kuna majivuno ya kimya kimya, nayo ni ya kiongozi anayeamini kwamba akishasema yeye, basi jambo limekwisha. Tunapenda sana kuwakumbusha watoto na raia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kule Rudewa Mbuyuni wakuu hawakuyasikia ya wadogo, na walioangamia walikuwa wanavijiji.

Ofisa atakayeifungua taarifa yake mezani leo, akaikuta imeandikwa kwamba wananchi wamefahamishwa na wameridhia, ajiulize swali moja tu kabla ya kutia saini: ni mwananchi gani aliyemrudishia maneno hayo, na aliyarudishaje? Kama hapati wa kumtaja, aiweke kalamu chini, achukue baiskeli au gari la ofisi, arudi kijijini akasikilize.